Pergola ya mbao nyuma ya nyumba Goma: kuusahihisha mchoro kabla ya kukata ubao

Michoro mingi ya pergola ambayo watu wanatumiana kwenye simu ilichorwa Marekani au Ufaransa. Inaagiza mashimo manne yenye kina cha karibu mita moja, nguzo zisimamishwe ndani, beto imwagwe, na siku ya pili kazi ya juu ianze. Kwa mitaa ya Goma kama Himbi, Katindo au Majengo mpango huo unakwama asubuhi ya kwanza: baramini (mtaimbo) inagonga lava kabla shimo halijafika hata goti, na kibarua anayelipwa kwa shimo anaanza kudai malipo mengine. Mchoro wenyewe haukukosea. Uliandikwa kwa udongo mwingine, kwa mbao nyingine na kwa jua linalopita upande mwingine wa anga. Kazi ya kwanza basi ni kuuandika upya.

Maelezo haya ni ya pergola ya mita 4 kwa mita 3.20, yenye nguzo nne, inayotosha meza na watu wanane. Tusiichanganye na payote. Payote ina paa, inazuia mvua. Pergola juu yake ni mbao zilizoachana tu. Inapunguza jua na kubeba mmea. Anayetaka kukaa chini yake mvua ikinyesha ajenge payote, kwa sababu kuigeuza pergola kuwa payote baadaye huleta uzito na upepo ambao vipimo hivi havikuuhesabu.

Kuusoma mchoro wa ng'ambo

Mchoro wa Marekani unapima kwa inchi na futi. Inchi ni sentimita 2.54, futi ni sentimita 30.48. Hapo hakuna shida. Shida ni majina ya mbao. Ubao unaoitwa kule «2 kwa 6» haufiki inchi 2 kwa 6: baada ya kurandwa unabaki milimita 38 kwa 140. «4 kwa 4» ni milimita 89 kwa 89, na «6 kwa 6» ni milimita 140 kwa 140. Ukigeuza jina kuwa sentimita bila kujua hilo, utamwagiza mpasuaji mbao nene kuliko mwenye mchoro alivyokusudia, na kila tundu na kila mkato utakuwa umehama. Mbao za hapa nazo zina tabia yake: madriye (ubao mnene) ya sentimita «5 kwa 15» iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono au wa moto inaweza kuwa 5 upande huu na 4.5 upande ule. Pima kila moja ncha zote mbili na uandike kipimo juu yake kwa kalamu ya seremala.

Kina kirefu cha mashimo katika michoro hiyo kinatokana na baridi. Kule ardhi inaganda, maji ndani yake yanavimba na kuisukuma nguzo juu. Ndiyo maana msingi unapelekwa chini ya tabaka linaloganda. Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari lakini chini kidogo tu ya ikweta, ardhi haigandi. Msingi wa hapa una kazi mbili tu: kuzuia pergola isiinuliwe wala kusukumwa na upepo, na kuweka mguu wa nguzo mbali na maji.

Jambo la tatu: mchoro wa ng'ambo unachukulia kwamba mbao zimeingizwa dawa kiwandani kwa shinikizo. Zetu kwa kawaida hazina dawa. Kwa hiyo popote unapoona nguzo imezamishwa ndani ya beto, futa. Beto haiihifadhi nguzo. Ubao ukikauka unanywea, nafasi inabaki kati yake na beto, maji ya mvua yanaingia na hayana pa kutokea. Nguzo inaoza sawasawa na uso wa beto, mahali ambapo jicho halioni, huku juu bado inang'aa.

Mahali na mwelekeo

Kabla ya kivuli, tazama hewa. Upande wa magharibi wa mji, hasa karibu na ziwa kuelekea Kyeshero na Bulengo, kuna mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu, inayojilaza kwenye mabonde na mashimo, zaidi asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Pahali pa kukaa pasiwekwe kwenye bonde la lupango (kiwanja chako), hata pakiwa na ubaridi mzuri. Dalili ni majani yanayokauka bila sababu, au mijusi, panya na ndege wanaokutwa wamekufa. Ukilazimika kuchimba shimo linalopita magoti, asiingie mtu kulala au kuinamisha kichwa ndani. Mshumaa ulioteremshwa kwa waya ukizimika, ondokeni. Usipozimika, bado si hakikisho, kwa sababu gesi humdhuru mtu kabla haijauzima moto. Fanyeni kazi mchana, wawili wawili, na watoto wasichezee mashimo yaliyoachwa wazi.

Sasa jua. Kwa vile tuko karibu na ikweta, mwezi wa tatu na wa tisa jua linapita karibu juu ya kichwa, kutoka mashariki moja kwa moja hadi magharibi. Vipande vya juu vikilazwa mashariki–magharibi, siku hizo jua linatembea sambamba navyo kutwa nzima, na kivuli kinabaki kilekile chembamba kuanzia asubuhi. Vilaze kaskazini–kusini. Kwa shevroni (vile vipande vyembamba vya juu) za sentimita 5 kwa 7 zilizosimama kwa ubavu, zikiachana sentimita 20 kutoka katikati hadi katikati, kivuli ni kama asilimia 60 saa tatu ya asubuhi na saa tisa ya alasiri, asilimia 45 hivi saa nne, na saa sita kamili kinashuka hadi robo. Ongeza kidogo kwa ajili ya mbao zinazokata chini yake. Hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba mbao peke yake hazitoshi mchana. Kinachomaliza kazi ni mmea, na mmea upangwe tangu siku ya mchoro.

Acha angalau mita moja hadi ukuta wa jirani, ili mtu apite na ngazi kupaka rangi. Usijenge chini ya waya wa umeme.

Mbao gani

Mkaratusi ndio unaopatikana zaidi, una nguvu, na kwa kazi hii unafaa. Ubaya wake ni kwamba ukiwa mbichi unapinda, unajisokota na kupasuka ncha. Madriye mbichi yenye upana wa 15 inaweza kupoteza karibu sentimita moja ikikauka. Muvula ndio bora, unavumilia mchwa na uozo bila dawa, lakini bei yake inafaa zaidi nguzo peke yake. Juu weka mkaratusi. Sipre ni nyepesi na inachongeka vizuri, tena inakubali rangi; ikitumika kwa mihimili, ongeza unene. Epuka ubao wenye sehemu nyeupe pana pembeni. Hiyo ni sehemu changa ya mti, na wadudu wanaotoa unga wanaanzia hapo. Uliza pia mbao zilikotoka: mti wa kupandwa wa mkulima una mwenyewe, ubao wa msitu uliokatwa kwa siri hauna.

Nunua mbao miezi miwili au mitatu kabla. Zipange chini ya paa, juu ya mawe, zikitengwa kwa vijiti vya sentimita 2 kila sentimita 60, vijiti vikisimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikiyumba, mbao zinachukua umbo la kuyumba huko na hazirudi. Paka ncha zote rangi nzito au nta siku ileile ya kununua, kwani maji yanatoka nchani haraka kuliko ubavuni na ndipo mipasuko inapoanzia. Weka mawe mazito juu ya rundo. Kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane ndicho kipindi chema cha kukausha na kujenga. Ubao wa unene wa sentimita 5 hautakuwa umekauka kabisa kwa miezi hiyo, lakini utakuwa umekwisha kuonyesha tabia yake: uliopinda utauona mapema, uuweke kando ukatwe vipande vifupi.

Vya kununua

Nguzo 4 za 12 kwa 12, urefu mita 2.80 (zitakatwa mahali pake, kwa sababu lava haiko sawa).
Madriye 12 za 5 kwa 15, urefu mita 4, na moja ya akiba. Nne ni mihimili mikuu, nane ni za kukingama.
Shevroni 17 za 5 kwa 7, urefu mita 4, na mbili za akiba.
Planshi 3 au 4 za kawaida kwa ajili ya boksi za beto na za kushikilia nguzo kwa muda.
Simenti mifuko 3 ya kilo 50.
Nondo moja ya milimita 12, ya mita 12.
Viatu 4 vya chuma vya nguzo, vya kuchomelewa.
Vyuma vya nati (vyenye uzi urefu wote, vya kukatwa kuwa bolti) vya milimita 12, vya mita moja, 5. Nati 40 na washa pana 40, vyote vya zinki.
Skurubu kubwa za kichwa cha ufunguo, milimita 10 kwa 120, zipatazo 20.
Misumari ya sentimita 12, kilo 4. Kona za chuma 16 na skurubu zake.
Rangi ya kuzuia kutu, na rangi ya mafuta ya mbao.

Madriye nane za kukingama zinakatwa mita 3.20, na kila moja inaacha kipande cha sentimita 80. Vipande hivyo vinane ndivyo mikono ya pembe. Usimruhusu mtu avichukue kuwa kuni.

Kuhusu vyuma: majivu na mvuke wa volkano ya Nyiragongo hufanya mvua ya pande hizi iwe na asidi, na mabati yanayotoboka mapema ni ushahidi unaoonekana mjini kote. Msumari mweusi usio na zinki utalia machozi ya kutu juu ya mbao ndani ya msimu mmoja. Zinki inachelewesha, haizuii milele, kwa hiyo vichwa vya bolti navyo vipakwe rangi.

Msingi juu ya lava

Chora kwanza pembe nne chini. Katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo ni mita 3.40 upande wa kaskazini–kusini na mita 2.60 upande wa mashariki–magharibi. Funga kamba za nailoni kwenye fremu za mbao zilizo nje kidogo ya pembe, kwa sababu vigingi havitaingia kwenye lava pale pale unapovitaka. Pima mishazari: yote miwili lazima iwe mita 4.28. Ikitofautiana, sogeza kamba, usijidanganye kwamba utasahihisha juu. Sentimita mbili za kosa hapa chini zinakuwa pengo la wazi kwenye kila kiungo cha juu.

Kisha soma mwamba. Lava ya Goma si jiwe moja. Juu kuna magamba yaliyovunjika na changarawe nyeusi yenye matundu, chini yake bamba gumu, na mara nyingine chini ya bamba kuna uwazi ulioachwa na lava iliyoendelea kutiririka ndani wakati uso umekwisha kuganda. Mitaa iliyofunikwa tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ina magamba mengi juu. Ile ya mitiririko ya zamani imepata udongo kidogo. Ondoa magamba yote kwa baramini na sururu hadi ufike bamba. Ligonge kwa nyundo nzito, kila sentimita 20, usikilize. Sauti kavu, fupi, inayorudisha nyundo ni mwamba mzima. Sauti nzito ya ngoma ni uwazi. Ukisikia ngoma, vunja bamba na ujaze mawe na beto hadi juu, au hamisha pergola nzima nusu mita. Usihamishe nguzo moja.

Penye bamba zima hakuna sababu ya kuchimba zaidi. Kamata mwamba wenyewe. Kwa kila nguzo toboa mashimo manne ya milimita 16, kina sentimita 20, yakiachana sentimita 25 kwa umbo la mraba. Mashine ya kutoboa yenye kupiga nyundo inafanya yote 16 kwa siku moja ikiwa umeme haukatiki au jenereta ipo. Shimo lisafishwe: piga hewa kwa pampu ya baiskeli yenye mpira mrefu, sugua kwa brashi nyembamba, piga tena hewa, kisha lowesha. Vumbi lililobaki ndilo linaloponza kazi hii kuliko kitu chochote. Simenti inashika vumbi badala ya kushika jiwe, na nondo inachomoka kwa mkono mmoja. Koroga simenti tupu na maji hadi iwe nzito kama uji wa mtoto, jaza shimo hadi theluthi mbili, tumbukiza nondo ya sentimita 50 ukiizungusha mpaka uji utoke juu. Sentimita 20 zibaki ndani ya mwamba, 30 nje, na ncha ya juu ikunjwe. Zisiguswe hadi kesho yake.

Ikiwa hakuna bamba, ila changarawe tu, chimba sentimita 50 kwa 50 kwa 60, shindilia chini, na beto ifanye kazi kwa uzito wake. Shimo kama hilo linakula beto zaidi ya mara mbili. Ongeza simenti kwa kiasi hicho.

Viatu vya chuma anatengeneza mchomeleaji yeyote wa mtaani ukimpa mchoro ulio wazi: bamba la milimita 6, upana sentimita 10, limekunjwa kama herufi U, nafasi ya ndani sentimita 12.2, masikio yameinuka sentimita 15, kila sikio lina matundu mawili ya milimita 13. Chini ya U zinachomelewa nondo nne za sentimita 22. Nondo moja ya mita 12 inatosha vipande 16 vya 50 na vipande 16 vya 22, na kinabaki kipande kidogo tu, kwa hiyo kata kwa kupima. Matundu ya masikio yaangaliane sawasawa. Yakipishana, bolti haipiti na fundi ataanza kuipiga nyundo. Paka viatu rangi ya kutu mara mbili kabla ya kuviweka, hasa penye mshono wa moto.

Beto ni kwa mfuko mmoja wa simenti, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo tano za changarawe, ndoo za lita 20, na maji ndoo moja na robo. Boksi la sentimita 40 kwa 40, kimo 40, mara nne, ni kama robo ya mita ya ujazo, na mifuko miwili inaitosha. Wa tatu ni kwa uji wa mashimo na kwa usawazishaji. Changarawe nyepesi yenye matundu, ile inayokaribia kuelea, isitumike: inakunywa maji ya simenti na inavunjika yenyewe. Chukua jiwe zito lililopondwa, lioshe vumbi, lilowe kabla ya kuchanganywa. Mchanga mweusi wenye unga mwingi nao uoshwe. Acha sentimita 15 za beto juu ya ardhi, na uso wake uteremke kidogo kuelekea pembeni ili maji yasisimame. Kiatu kizamishwe huku bamba lake likibaki sentimita 5 juu ya beto. Hewa hiyo ya sentimita 5 chini ya nguzo ndiyo uhai wa pergola.

Funika kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni siku saba. Hakuna nguzo itakayosimama kabla ya hapo.

Kuchonga na kusimamisha

Misingi minne haitakuwa na kimo kimoja, na haina haja. Kinachotakiwa kuwa sawa ni mabega ya nguzo. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, na kwa huo uhamishe kimo kimoja kutoka nguzo hadi nguzo. Nivo fupi ya fundi haisemi kweli kwenye umbali wa mita tatu. Chagua msingi ulio juu kuliko yote, pima mita 2.30 kutoka bamba la kiatu chake, hapo ndipo bega. Vuta mstari huohuo kwa nyingine tatu. Juu ya bega ongeza sentimita 15, kata.

Kichwa cha nguzo kinachongwa ulimi: upande wa mashariki na wa magharibi ondoa sentimita 3.5 kila mmoja, kwa kimo cha 15, ubaki ulimi wa sentimita 5 katikati. Mihimili miwili ya 5 kwa 15 inakaa juu ya mabega, mmoja huku na mmoja huku, ikiubana ulimi. Hivyo uzito unalala juu ya mbao, na bolti zinabana tu. Mafundi wengi wanapenda kupigilia mhimili ubavuni mwa nguzo bila bega; kiungo hicho kinategemea misumari, na mkaratusi ukinywea misumari inalegea. Bega linachukua robo saa zaidi kwa kila nguzo.

Simamisha nguzo katika viatu, zishikilie kwa planshi mbili kila moja, angalia wima kwa timazi pande mbili, toboa kwa kupitia matundu ya sikio, funga bolti za sentimita 17. Kisha inua mihimili. Ubao uliopinda kidogo, mgongo uwe juu. Kila muhimili utokeze sentimita 30 nje ya katikati ya nguzo. Toboa milimita 13 kupitia muhimili, ulimi, muhimili, na funga bolti mbili za sentimita 18.5, moja juu kushoto, nyingine chini kulia, zikiachwa sentimita 4 kutoka ukingo. Bolti mbili kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mti zinaupasua. Chuma kimoja cha mita kinatoa bolti tano: vyuma vitatu ni vya bolti za juu, zikiwemo nne za mikono ya pembe, na viwili ni vya bolti za viatu. Washa pana zisisahaulike, vinginevyo nati inazama ndani ya ubao.

Madriye za kukingama ni nane, ya kwanza na ya mwisho zikilala juu kabisa ya nguzo, nyingine zikigawana nafasi kila sentimita 48.5. Kila moja ichongwe jino la sentimita 2 linapokutana na mihimili. Lisizidi 3, kwani ubao unapoteza nguvu zake. Toboa kwanza, ndipo upige misumari miwili ya mshazari kila upande, kisha kona za chuma. Mkaratusi uliokauka haukubali msumari mnene bila tundu: ama msumari unakunja, ama ubao unafunguka kama kitabu.

Mikono ya pembe ndiyo inayoachwa mara nyingi, kwa sababu pergola inaonekana imesimama bila hiyo. Isukume kwa bega upande mmoja utaiona ikicheza. Kata vile vipande vya sentimita 80 kwa nyuzi 45 ncha zote mbili. Vinne vinaingia katikati ya mihimili pacha, vinajaa nafasi ile ya sentimita 5 iliyoachwa na ulimi, na kufungwa bolti moja moja. Vinne vingine vinatoka nguzo hadi chini ya madriye iliyo juu yake. Mguuni vyote vinafungwa kwa skurubu kubwa mbili, tundu la awali milimita 7. Planshi za muda zisiondolewe kabla mikono yote minane haijafungwa.

Shevroni 17 zinafuata, zikisimama kwa ubavu wa 7, kila sentimita 20, msumari mmoja kila zinapokutana na madriye. Kata kipande cha sentimita 15 kiwe kipimo cha nafasi kati ya shevroni mbili, kazi itakwenda haraka bila mita. Ncha za shevroni zikatwe mwishoni, zote kwa mara moja, kwa kamba iliyovutwa.

Rangi, turubai na mmea

Paka mbao upande wa juu na nchani kabla ya kuzipandisha. Baadaye mkono haufiki, na maji yanaanzia huko huko. Mafuta machafu ya gari yanatumiwa sana mjini kwa sababu ni rahisi. Kwa pergola hayafai: yanadondoka juu ya meza na nguo wakati wa jua, yanaharibu udongo, na mmea wa kuliwa hauwezi kupandishwa juu yake.

Turubai lifungwe kwa siku ya sherehe na litolewe jioni hiyo hiyo. Upepo wa dhoruba wa kilomita 70 kwa saa ukilishika turubai linalofunika pergola hii yote, unaivuta juu kwa zaidi ya kilo 200. Beto nne za msingi huu zina karibu kilo 600, zinavumilia. Nguzo zilizofukiwa kwenye changarawe bila chuma hazivumilii.

Kwa kivuli cha kudumu, marakuja ya zambarau inaupenda mwinuko wa Goma. Miche miwili inatosha, upande wa mashariki, mita moja kutoka msingi. Vunja lava shimo la nusu mita pande zote, hakikisha maji yanatoka chini, jaza udongo wa kuletwa na samadi iliyooza. Uongoze mche mmoja kwa kamba hadi juu, ukiondoa machipukizi ya pembeni, kisha kata ncha yake ukifika kwenye mhimili ili utawanyike. Ukiacha machipukizi ya chini, utapata kichaka kwenye nguzo na juu patabaki wazi. Punguza matawi kila baada ya mavuno. Yakirundikana yanabeba maji ya mvua, na mbao zilizo chini yake hazikauki tena.

Baada ya miezi mitatu chukua ufunguo upande ngazini. Kila nati itazunguka, wakati mwingine mizunguko miwili mizima, kwa sababu mbao zimenywea. Kaza bolti zote 20, rudi tena mwisho wa kiangazi kinachofuata, na ukiwa hapo pitisha kisu kwenye mguu wa kila nguzo. Kikizama kwa urahisi zaidi ya nusu sentimita, safisha uchafu uliojaa chini ya kiatu: majani na vumbi jeusi vimeziba ile nafasi ya hewa.